Mtoto wa Kiwavi

Kwa Kichina, mtoto anayelelewa na watu wasiomzaa ana jina la zamani: minglingzi. Mingling ni kiwavi wa kijani. Zi ni mtoto. Jina hilo lilitokana na kosa. Watu walimtazama nyigu mfinyanzi akifanya kazi yake, wakaona karibu kila kitu isipokuwa kilichokuwa kikitokea ndani ya chungu. Kosa hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Liliposahihishwa, jina lilibaki.

Walichokiona kilikuwa cha kweli. Nyigu mfinyanzi hana kundi wala malkia. Jike hufanya kazi peke yake: hunywa maji, huyatema juu ya udongo mkavu, huufinyanga kuwa kidonge cha tope, kisha hukibeba hadi ukutani, kwenye jiwe au kwenye kijiti. Huko hukibandika na kukitandaza, akarudi kuchukua kingine. Kidogo kidogo kinainuka chungu cha duara kisichozidi ncha ya kidole gumba, chenye shingo na mdomo uliopinduliwa nje, kama chungu cha maji. Kisha anawinda. Analeta viwavi mmoja mmoja, anawasukuma ndani, anaziba mdomo kwa tope, anaondoka. Baada ya wiki kadhaa ukuta wa chungu unatobolewa kutoka ndani, na anayetoka ni nyigu.

Kwa aliyesimama nje, hesabu ilikuwa rahisi: ameingia kiwavi, ametoka nyigu. Kitabu cha Mashairi, Shijing, ambacho mashairi yake ni ya kabla ya mwaka 600 KK, kina shairi linalomtaja nyigu achukuaye watoto wa kiwavi, katika kuwahimiza watu wawafunze watoto wao mwenendo mwema. Shijing hakikuwa kitabu cha kusomwa kwa starehe tu. Kilihesabiwa miongoni mwa vitabu vya msingi vya mafundisho ya Confucius, na kijana aliyetaka kuitwa msomi alikihifadhi kwa moyo. Kilichosemwa humo kuhusu mdudu kilikuwa na uzito uleule wa kilichosemwa kuhusu wafalme.

Wafafanuzi wakajenga juu ya shairi. Yang Xiong, mwanafalsafa aliyeishi kuanzia mwaka 53 KK hadi 18 BK, aliandika kwamba nyigu humwombea kiwavi afanane naye, na baada ya muda kiwavi hufanana naye kweli. Kisha akaugeuza mfano huo kwa binadamu: ndivyo wanafunzi wa Confucius walivyofanana na mwalimu wao upesi. Msomaji wa Kiswahili hapati shida kumwelewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yang Xiong alikuwa akisema jambo la haki kuhusu malezi, ila shahidi wake hakuwa ameona alichokuwa akikitolea ushahidi.

Mnamo mwaka 100 BK, Xu Shen alikamilisha kamusi yake kubwa ya herufi za Kichina. Humo aliandika kwamba wadudu wenye kiuno chembamba wote ni madume na hawazai. Bila shaka kauli hiyo ilikamilisha hadithi vizuri: asiyezaa lazima achukue mtoto wa mwingine. Lakini ilimfuta mama kabisa. Ukweli ni kinyume chake hasa. Kila anayejenga chungu ni jike. Dume hafinyangi wala hawindi. Tena kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike, na lisilorutubishwa huwa dume. Kwa hiyo nyigu dume hana baba, ana mama tu.

Aliyeitikisa hadithi hii ni Tao Hongjing, mtawa wa Dao na mtaalamu wa dawa aliyeishi mwaka 456 hadi 536 BK, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake katika mlima Mao, karibu na Nanjing. Kazi yake ilimtaka ajue vitu vyenyewe, si majina yake tu, kwa sababu wadudu nao walikuwa dawa. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha kale cha dawa alieleza aina mbili za nyigu: mmoja ajengaye kwa tope kwenye kuta na vyombo, akajaza buibui, mwingine aingiaye kwenye mianzi, akajaza viwavi. Wote wawili hutaga yai, na waliofungiwa humo ni chakula cha mtoto atakayeanguliwa. Hakuishia hapo. Alisema walioandika shairi hawakuchunguza, na kwamba hata watakatifu wa kale wana mapungufu ya namna hii. Sentensi hiyo fupi ilihitaji moyo zaidi kuliko kuchungulia kiota.

Wengi waliendelea kulitetea shairi. Karne sita baadaye, mwaka 1116, mwandishi wa dawa Kou Zongshi alieleza kwamba alikipasua kiota akaona yai mwenyewe, dogo kama nusu ya punje ya ulezi, jeupe lenye umanjano kidogo. Li Shizhen, aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, alizipima hoja za pande zote mbili akasimama na Tao.

Ufaransa, mwalimu wa shule Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa mwaka 1823, alifika kwenye swali lililofuata. Kama yai limo ndani, linasalimikaje? Viwavi hawajafa, wamechomwa mwiba wakalegea, lakini bado wanajipindapinda. Fabre aliwachukua nyumbani mabuu ya nyigu pamoja na akiba yao, wakamfia. Hatimaye alikata dirisha dogo ubavuni mwa chungu bila kukitikisa, akaliona yai likining'inia kwenye dari kwa uzi mwembamba, juu ya rundo la viwavi. Buu anapoanguliwa hula akiwa amening'inia vivyo hivyo, na viwavi wakifurukuta hupanda juu kujificha. Mama hutaga kwanza, ndipo awinde. Chakula cha maisha yote ya utotoni huwekwa kabla mtoto hajaanguliwa, na mara nyingi mama na mtoto hawaonani kamwe.

Ukweli huu unamweka pabaya mtoto aitwaye minglingzi. Kwenye chungu hakuna aliyelelewa isipokuwa mtoto wa kuzaa, na kiwavi, ambaye ndiye aliyempa jina, analiwa akiwa hai. Tao alipomtoa nyigu kwenye orodha ya walezi wema, neno lingeweza kufa au kugeuka tusi. Halikufa. Familia za Kichina ziliendelea kuwaita hivyo watoto waliopewa chakula, jina na mahali pa kulala na watu wasiowazaa.

Naona sababu ni kwamba neno lilikuwa limekwisha kupata mashahidi wengine. Nyigu hakuwahi kulea kiwavi hata mmoja, lakini watu waliosikia kwamba analea walilea kweli. Tao alikuwa sahihi kuhusu chungu. Kuhusu nyumba, wa kuulizwa walikuwa watoto wenyewe.