Jina la Kuazima: Ufundishaji wa Historia ya Wasichana wa Kiyahudi Waliojificha, kwa Mtazamo wa Kalenga

Mwalimu wa Historia anayefundisha Maangamizi ya Wayahudi huko Kalenga hakosi pa kuanzia, ila pana mtego. Wanafunzi wake wanakua karibu na makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954, na wanajua kwamba ngome ya Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Ni rahisi kuligeuza somo kuwa habari ya ukatili wa Wajerumani tu. Njia hiyo haitoshi. Katika vita vya Wahehe adui alitambulika kwa sare yake. Msichana wa Kiyahudi aliyetoroka geto la Warsaw alimwogopa pia jirani wa zamani, kwa kuwa ndiye aliyeijua sura yake. Tangu Oktoba 1941, Myahudi aliyekamatwa nje ya geto aliadhibiwa kwa kifo, na aliyemficha vilevile.

Mtego wa pili uko Ifunda, kwenye barabara ya Mbeya, ambako wakimbizi wa Poland waliwekwa kambini wakati wa vita. Wengi wao walikuwa Wakatoliki waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti na kufika Afrika Mashariki kupitia Iran kuanzia 1942. Mkasa wao ni mwingine na usichanganywe na ule wa Wayahudi. Hata hivyo, kambi hiyo inafaa darasani kwa sababu moja: sala, ishara ya msalaba na sikukuu za watakatifu, mambo ambayo mama wa Kipolandi pale Ifunda aliyafanya bila kufikiri, ndiyo aliyolazimika kuyakariri msichana wa Kiyahudi, pamoja na jina lililo kwenye cheti cha ubatizo cha kughushi. Kukosea sala kanisani kungeweza kumfichua.

Kwa nini wasichana zaidi kuliko wavulana? Hapa maelezo yanahitaji uangalifu. Iringa tohara si alama ya dini moja. Mwalimu asipoeleza kwamba Wakristo wa Poland kwa kawaida hawakutahiri, hoja nzima inapotea. Mvulana aliweza kutambuliwa kwa kuvuliwa nguo tu. Aidha, familia nyingi zenye kushika dini ziliwapeleka wavulana kwenye shule za dini na wasichana kwenye shule za serikali, hivyo wasichana walizungumza Kipolandi kilichokaribia zaidi cha majirani zao.

Mfano wa Vladka Meed unastahili kipindi kizima. Alizaliwa Warsaw mwaka 1921 akiitwa Feigele Peltel. Akiishi nje ya ukuta wa geto kama Mpolandi, alipenyeza silaha ndani yake. Vita vilipokwisha hakulirudia jina la utotoni: alifariki Marekani mwaka 2012 akijulikana kwa lile la maficho. Igizo la kujificha, ambalo walimu wengine hulipenda, hugeuka mchezo upesi. Wanafunzi wangefaidika zaidi kwa kuulizwa ni nani, baada ya 1945, aliyebaki hai wa kumwita Feigele.