Nani Anaibeba Hiyo Bunduki?

Mwindaji wa elki huko Colorado ana hesabu moja inayomnyima usingizi: gramu. Elki ni kulungu mkubwa wa milima ya Marekani. Dume likikomaa linapita kilo 300, na linapenda kukaa juu kabisa, pale mtu wa kawaida akipanda pumzi inakata. Sasa jamaa anatafuta bunduki ya kilo 3 hivi, mtutu mwembamba, kitako cha plastiki ngumu au kaboni. Juu yake anaweka darubini ndogo, maana mnyama anaweza kuonekana ng'ambo ya bonde, mita 300 huko. Darubini ikiwa nono sana, ameongeza mzigo. Bunduki ikiwa nyepesi sana, inampiga teke begani na inayumba akilenga. Wasee wanabishana juu ya hii kitu miaka nenda miaka rudi.

Mimi sina bunduki, na nikijaribu kuwinda hapa Kenya nitalala ndani. Lakini huu mjadala ulishafika kwetu kitambo, kati ya Embu na milima ya Nyambene, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukiuangalia kutoka huku, kuna swali wale wa Colorado hawana haja ya kuuliza, kwa sababu kila mtu anajibebea yake.

Hebu tuanze na mwindaji wa elki mwenyewe. Theodore Roosevelt alikuwa amewinda elki Wyoming kitambo kabla hajakuwa rais wa Marekani. Mwaka 1909, akitoka tu Ikulu, akaja Kenya na mtoto wake Kermit, na safari ikampitisha Mlima Kenya hadi Meru, ambako kituo cha serikali kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kifunguliwe na Edward Horne, yule wazee wa Meru walimwita Kangangi. Roosevelt alikuja na bunduki za kuchagua kama nguo: Springfield nyepesi ya wanyama wa mbugani, Winchester ya .405 aliyoisifu sana kwa simba, na ile nzito ya mitutu miwili kutoka Holland & Holland ya London, zawadi ya marafiki zake Waingereza, kwa ajili ya tembo na kifaru.

Bunduki tatu kwa mtu mmoja! Na hakuvunjika mgongo, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na zaidi ya wapagazi 200. Mpagazi wa siku hizo alibeba kama kilo 30 kichwani, na tajiri alikuwa na watu maalum wa kubeba bunduki, wanatembea hatua moja nyuma yake tayari kumpa ile anayotaka. Kwa hivyo akikaa dukani London kuchagua, uzito haukuwa shida yake. Ulikuwa shida ya mtu ambaye hakuwa kwenye lile duka.

Kabla yake alipita Arthur Neumann, Mwingereza aliyefuata pembe za ndovu kutoka Mombasa hadi upande wa Nyambene na kuendelea kaskazini miaka ya 1893 hadi 1896. Kitabu chake cha 1898 kinasomwa mpaka leo na wapenzi wa bunduki. Neumann alikuwa na .577 ya mitutu miwili, aina ambayo inaweza kufika kilo 6, na pia Lee-Metford ya .303, bunduki nyepesi zaidi ya kijeshi. Alianza kuipenda ile nyepesi. Halafu mapema 1896, karibu na Ziwa Turkana, jike la tembo likamjia, akavuta, Lee-Metford haikulia. Likamtoboa mkono, likamponda mbavu. Alilala wiki kadhaa bila kuweza kusafiri. Waliomhudumia ni watu wake wa msafara. Mmoja wa wabeba bunduki wake anaonekana kitabuni kwa jina moja tu, Squareface. Unaelewa? Bunduki tunajua mpaka kipimo cha risasi. Jina la mtu aliyeibeba tangu pwani, hatuna.

Na hapo porini Neumann hakuwa mwindaji wa kwanza. Alikuwa akitembea na Wandorobo na kununua pembe kwao, watu waliokuwa wakiangusha tembo kwa mkuki wa sumu tangu zamani. Watharaka nao, huku chini kwenye joto, walijulikana kwa upinde. Sumu ilitoka kwenye mti ambao wanasayansi wanauita Acokanthera, inachemshwa hadi inakuwa kama lami nyeusi, na ikiingia kwenye damu inasimamisha moyo. Mshale una uzito wa kalamu chache. Kama kweli shindano ni wepesi, maze, hiyo ilikuwa imeisha kabla hata Colorado haijaitwa Colorado.

Lakini aliyeshinda ule mjadala wa wazungu anaitwa W.D.M. Bell, Mskoti, wengi wanamjua kama Karamojo Bell kwa sababu aliwinda sana Karamoja, Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ile ambayo Mauser wa Ujerumani alitengeneza risasi yake mwaka 1892 na Rigby wa London akaiuza kwa jina la .275. Risasi yake ina kama gramu 11. Ya .577 inakaribia gramu 49. Watu walimwona mwendawazimu. Siri yake ilikuwa kusoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande, halafu kutumia risasi ndefu iliyofunikwa chuma yote, inapenya moja kwa moja bila kupasuka. Bunduki nyepesi haikumchosha, haikumtisha kwa teke, kwa hivyo alilenga vizuri. Hiyo hoja ndiyo wanayorudia wawindaji wa elki leo, na wengi wao wanatumia risasi za unene uleule wa milimita 7, au pungufu kidogo.

Mimi Bell namheshimu kwa hesabu, simheshimu kwa ile namba 1,000. Nyuma ya wepesi wake kulikuwa na msafara wa watu waliobeba meno ya tembo, na jino moja la dume kubwa lingeweza kupita kilo 40.

Wakati huohuo sheria za wanyama za mkoloni zilikuwa zinamgeuza Mtharaka mwenye upinde kuwa jangili. Aliyelipia leseni aliitwa mwindaji. Mwenye shamba lake kando ya msitu aliitwa mwizi.

Halafu ikaja 1952. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kwenye kapu moja. Ndani ya msitu wa Mlima Kenya, swali la bunduki nyepesi likarudi, safari hii kwa watu wasio na duka la London. Mafundi wa Mau Mau walitengeneza zao: bomba la maji likawa mtutu, kipande cha mti kikawa kitako, komeo la mlango na mpira wa tairi vikawa vya kufyatua. Ilipiga risasi moja, ukafungua, ukaweka nyingine. Wakati mwingine ilimpasukia mkononi mwenyewe. Darubini ya nini, na kwenye mianzi huoni hatua 10 mbele? Risasi zilikuwa adimu kiasi kwamba nyama ya kula walitafuta kwa mitego. Na chini ya mlima, watu wa vijiji walilazimishwa kuchimba handaki la kama maili 50 kando ya msitu, ili chakula kisipande na wapiganaji wasishuke.

Bei ya kushika silaha ilikuwa kitanzi. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957, na kosa alilohukumiwa nalo lilikuwa kupatikana na bastola. Bastola, bado risasi zake! Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika vita hivyo. Musa Mwariama wa Meru hakushikwa, alikaa msituni mpaka uhuru, akatoka Desemba 1963 nywele zimemfika mabegani, akakutana na Kenyatta. Mwenzake Baimungi naye aliona ahadi ya mashamba haitimii, akarudi msituni, na mapema 1965 akauawa na askari wa serikali huru.

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977. Kwenye karatasi, bunduki zilinyamaza. Lakini tembo waliokuwa kama 167,000 mwaka 1973 walibaki 16,000 hivi kufikia 1989. Hifadhi ya Meru iliumia vibaya. Novemba 1988 majangili waliingia na kuua vifaru weupe watano, wale waliokuwa wakilindwa karibu na kambi ya askari wa wanyama. Agosti 1989 George Adamson akapigwa risasi Kora, ng'ambo ya mto Tana. Askari wetu wakati huo wengi walikuwa na .303, ukoo uleule wa bunduki ya Neumann, dhidi ya AK-47. Buda, fikiria unatumwa kazi na silaha ya babu, na mwenzako anamwaga risasi 30 kabla hujavuta komeo mara mbili.

Baadaye KWS iliundwa, askari wakapewa silaha bora, na Meru leo ina eneo lenye uzio la vifaru. Ukienda pale utawaona askari wakitoka doria asubuhi, maji kiunoni, jua la Meru ya chini halina huruma. Wengi wana G3. Ina zaidi ya kilo 4 bila risasi, mtutu mrefu, hakuna kaboni, darubini hakuna. Hakuna aliyemuuliza askari kama anataka nyepesi. Na hana mtu wa kumbebea.