Mboni Isiyofundishika kwa Kengele

Hospitali ya St George's iliyoko Tooting, kusini mwa London, ni kongwe kuliko majengo yake. Ilianzishwa mwaka 1733 huko Hyde Park Corner, ikahamia Tooting kidogo kidogo, na Malkia Elizabeth II akaifungua rasmi huko mwaka 1980. Miongoni mwa madaktari wake wa zamani yumo Thomas Young, aliyeitumikia tangu 1811 hadi alipofariki 1829. Kabla ya kujiunga nayo alikwisha kuchunguza namna jicho linavyojirekebisha ili lione vitu vya karibu. Alibandika mrija wa maji kwenye jicho lake mwenyewe ili kuiondolea konea nguvu yake, akathibitisha kwamba kinachobadilika ni lenzi. Utafiti huo ulichapishwa 1801.

Jicho linapoangalia karibu, mboni nayo husinyaa. Jambo dogo, lakini mimi nashuku ndilo lililowaponza watu karne moja na ushei baadaye.

Mwaka 1906 Ivan Pavlov alialikwa London, katika Hospitali ya Charing Cross, akaeleza jinsi mbwa wake walivyofundishika kudondokwa mate kabla chakula hakijafika. Je, mboni ya binadamu nayo hufundishika? Mwaka 1922 Mmarekani Hulsey Cason aliambatanisha sauti na badiliko la mwanga, akatangaza kwamba hatimaye sauti peke yake iliibadilisha mboni. Clarence Hudgins akaenda mbali zaidi 1933. Watu wake walibana kishikio kilichopiga kengele na kuwasha taa kwa pamoja, kisha wakatumia neno, kisha mnong'ono. Mwishowe, alidai, mboni ilitii hata neno lililowazwa tu. Dai tamu mno hilo, na wengi walilimeza.

Waliojaribu tena walitoka mikono mitupu. Ernest Hilgard na wenzake walishindwa mara kadhaa katika miaka ya 1940. Francis Young (amefanana jina tu na daktari wetu) alifikia uamuzi mwaka 1958 kwamba mwanga hauwezi kuifundisha mboni. Yaelekea baadhi ya watu wa Hudgins walikuwa wakibadilisha tu umbali wa kutazama, pengine bila kujua.

Hata hivyo, mwaka 1957 Arnold Gerall na wenzake walitumia shoti ya umeme, na mboni zikajifunza kupanuka kabla shoti haijafika. Kusinyaa kwa mwanga na kupanuka kwa hofu hupitia neva tofauti, na ile njia ya hofu ndiyo inayofundishika.

Mwaka 2017 watafiti wa Zurich na London walichapisha mfumo wa hesabu wa kupimia hofu iliyofunzwa kwa kufuata ukubwa wa mboni. Katika vipimo vya aina hii, mng'ao wa kioo cha kompyuta haupaswi kuyumba, maana mwanga ukibadilika kidogo tu, mboni huufuata na kipimo cha hofu huvurugika.