Kabla ya "Tuma Baadaye": Meseji za Mbeya na Iringa Zilivyokuwa Zinasubiri

Siku hizi mambo ni mteremko. Jamaa yuko Mbeya, mchumba yuko Iringa, kesho birthday. Anaandika meseji saa mbili usiku, anaipangia iende saa sita kamili, analala zake. Mrembo anajua mwenzake amekesha. Kumbe wapi!

Ila wadau, kutuma leo kitu kifike baadaye wazee walikuwa nako zamani. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam mtu alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, akaiposti. Kadi ikasafiri mpaka Dar, ikakaa foleni, ikaja kusomwa hewani siku ambayo mwenyewe hakuichagua. Huku nyumbani watu wamezunguka redio ya betri wakisubiri kutajwa. Raha tupu! Lakini kadi ikishaingia kwenye sanduku la posta, hairudi. Kati ya kuandika na kusomwa, watu waliweza kuachana, hata kuzikwa, na salamu zao zikasikika vilevile.

Zikaja SMS. Ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na injinia mmoja kijana kupitia kompyuta: salamu fupi ya Krismasi. Siri yake ni kwamba meseji haiendi moja kwa moja kwa mlengwa. Inapita kwenye kituo cha meseji cha mtandao. Simu ikiwa imezimwa, kituo kinaishikilia na kujaribu tena, na muda wake ukiisha inafutwa. Ndiyo maana abiria wa basi la Mbeya–Iringa aliyeishiwa chaji, akija kuwasha simu Makambako, meseji zinamiminika kama mvua.

Kupanga saa ndiyo habari ya juzi tu: Gmail walileta Aprili 2019, Telegram mwaka huohuo. Kwa Telegram, meseji inasubiri kwenye seva, hata simu ikizima inaenda. Programu nyingine zinaiweka kwenye simu yenyewe. Chaji ikikata saa tano usiku, birthday imekupita hivyo!

Tofauti na kadi ya redio, meseji iliyopangwa unaweza kuifuta kabla ya saa yake. Shida ni kukumbuka. Mmegombana saa nne, mmeachana saa tano, halafu saa sita "nakupenda mpenzi" inaingia yenyewe. Yule wa Iringa aamini lipi?

Wewe ungeifuta au ungeiacha iende? Funguka hapo chini.