COBOL katika Magazeti ya Kompyuta: Historia ya Lugha ya Amri na Swali la Kiswahili

Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuitafuta historia ya lugha katika hati za kale, katika masimulizi ya wazee na katika ulinganishi wa sauti na maumbo. Lakini ziko lugha za namna nyingine zisizo na wazee, wala watoto wanaozirithi kwa mama zao, nazo ni lugha zilizobuniwa ili kuiamuru mashine. Hizo nazo huzaliwa, huenea, hupata lahaja, husanifishwa, na aghalabu hufa. Makala haya yanakusudia kuifuatilia mojawapo, yaani COBOL, iliyoanza mwaka 1959, kwa kuyapitia magazeti na majarida ya kompyuta ya zama zake. Kusudi si kufundisha ufundi wa mashine. Swali linaloulizwa ni la lugha: kwa nini mashine zilizoletwa Afrika ya Mashariki kuhesabu mishahara na kodi za watu wasemao Kiswahili ziliamriwa kwa maneno ya Kiingereza? Je, jambo hilo lilitokana na maumbile ya mashine, au na uamuzi wa watu?

Mashahidi na uzito wao

Mashahidi wakuu ni wanne. Wa kwanza ni Datamation, jarida la Marekani lililoanza kutumia jina hilo mwaka 1957. Wa pili ni Communications of the ACM, jarida la chama cha wataalamu, lililoanza mwaka 1958. Wa tatu ni Computer Weekly la London, lililoanza mwaka 1966, na wa nne ni Computerworld la Marekani, lililofuata mwaka 1967.

Katika kurasa za namna hiyo mna habari za aina tatu, na kila aina ina uzito wake. Kuna taarifa za mikutano na maamuzi, ambazo huaminika zaidi kwa tarehe na majina. Kuna matangazo ya wauzaji wa mashine, ambayo hayana budi kusomwa kwa tahadhari, kwani mwuza tui husifu nazi yake. Mara nyingi huonyesha kile ambacho mteja alitaka kusikia kuliko kile ambacho mashine iliweza kufanya. Mwisho kuna matangazo ya nafasi za kazi. Haya hayakuandikwa ili yawe historia, na kwa sababu hiyo hiyo ni shahidi mwema. Mwajiri hatangazi kazi ya lugha ambayo haitumiki kwake. Gazeti likiendelea kumtafuta mjuzi wa COBOL miaka mingi baada ya wanazuoni kutangaza kifo cha lugha hiyo, msomaji anajua nani wa kumsadiki.

Kuzaliwa kwa COBOL

Kabla ya mwaka 1959 kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikusomeka katika mashine ya kampuni nyingine, na mwenye kubadilisha mashine alilazimika kuandika upya kazi yake yote. Tarehe 8 Aprili 1959, kwa mwito wa Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs, wataalamu wachache walikutana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kulizungumzia tatizo hilo. Tarehe 28 na 29 Mei ukafanyika mkutano mkubwa zaidi katika Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, chini ya uenyekiti wa Charles Phillips. Kamati ikapewa kazi ya kutunga lugha moja ya shughuli za biashara na utawala.

Kamati haikuanza na karatasi tupu. Ilichota sana kutoka FLOW-MATIC, lugha iliyotungwa chini ya uongozi wa Grace Hopper, na kwa kiasi fulani kutoka COMTRAN ya IBM. Kazi ilikwenda kwa mivutano. Mwezi Oktoba 1959 kamati nyingine ya mpango huo huo ilipitisha azimio la kuipendelea FACT, lugha ya kampuni ya Honeywell. Howard Bromberg wa kampuni ya RCA alikata tamaa hata akanunua jiwe la kaburi lililochongwa jina COBOL, akampelekea Phillips. Hata hivyo ripoti ilichapishwa mwaka 1960, na Desemba mwaka huo programu ile ile ya COBOL iliendeshwa katika mashine mbili za viwanda tofauti, RCA 501 na UNIVAC II. Jiwe la kaburi liliwahi kabla ya maiti.

Kilichoipa COBOL nguvu zaidi hakikuwa uzuri wake bali soko. Serikali ya Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilitangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyo na kompaila ya COBOL, yaani mfasiri wa kugeuza amri za COBOL kuwa tarakimu za mashine, ila pale ambapo ingethibitishwa kwamba haihitajiki. Wanafunzi wa sera ya lugha hawatashangaa. Lugha nyingi zilizosanifishwa duniani zilipata hadhi kwa njia hiyo hiyo: mamlaka ilisema, na soko likaitikia.

Maneno: vazi au mwili?

Jarida la Communications of the ACM la Januari 1961 lilikuwa na picha ya mnara wa Babeli katika jalada lake, na katika matofali yake yaliandikwa majina ya lugha za kompyuta. Picha hiyo yaonyesha jinsi wataalamu wenyewe walivyoyaona mambo: lugha zilikuwa zimezidi. Lakini ndani ya wingi huo mlikuwa na mitazamo miwili juu ya neno.

Mtazamo wa kwanza ulikuwa wa watungaji wa ALGOL, wengi wao wakiwa watu wa Ulaya. Ripoti yao, iliyochapishwa katika jarida hilo hilo Mei 1960, ilitenga lugha ya marejeo, lugha ya uchapishaji na maandishi ya mashine. Kwa mtazamo huo neno ni vazi. Muundo hubaki ule ule, na kila nchi yaweza kuuvika nguo zake. Kwa hiyo ALGOL 68, iliyofuata baadaye, ilipata matoleo ya Kirusi, Kijerumani na Kifaransa.

Mtazamo wa pili ulikuwa wa COBOL. Hapa neno ni mwili. Lugha ilikusudiwa isomwe na meneja asiyejua hisabati wala mashine, kwa hiyo amri zake zilikuwa sentensi zenye vitenzi na vituo. Hata suala la kuandika hesabu kwa alama badala ya vitenzi lilizua ubishi katika kamati.

Hata hivyo Grace Hopper mwenyewe alijua kwamba mashine haina kabila. Katika mkutano wa historia ya lugha za kompyuta uliofanyika mwaka 1978, alisimulia kwamba katika miaka ya 1950 aliwaonyesha wakuu wake programu fupi ya Kiingereza, kisha programu ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa mashine maneno hayo yalikuwa mpangilio wa alama tu, na kubadilisha orodha moja kwa nyingine ilikuwa kazi ndogo. Wakuu walifadhaika. Waliona haiwezekani mashine ya Kimarekani iliyojengwa Philadelphia ielewe Kifaransa, na ikabidi wahakikishiwe kwamba programu zitaandikwa kwa Kiingereza tu. Ushahidi huu unalijibu swali la utangulizi. Kiingereza hakikuingia kwa sababu mashine ilikitaka. Kiliingia kwa sababu wenye fedha hawakuweza kufikiri vingine.

Dar es Salaam, 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Aina hiyo iliuzwa na kampuni ya Uingereza iliyokuja kuitwa ICL mwaka 1968, lakini asili yake ilikuwa RCA 301 ya Marekani, yaani ndugu mdogo wa ile RCA 501 iliyoshiriki jaribio la Desemba 1960. Baada ya miaka mitano tu, ukoo huo wa mashine ulikuwa umefika Bahari ya Hindi.

Inafaa kuziweka tarehe mbili pamoja. Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Barua, mafaili na vikao vikaanza kugeuzwa. Katika chumba cha mashine amri hazikugeuzwa. Karani aliyeandika barua kwa Kiswahili asubuhi hakuweza, mchana, kuisoma amri iliyoamua mshahara wake.

Jaribio la kuzitia hesabu za Serikali katika kompyuta lilileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Sababu kubwa zilikuwa za fedha na usimamizi, na ingekuwa kosa kuisingizia lugha lawama yote. Lakini COBOL ilitungwa ili msimamizi aweze kuikagua kazi ya fundi. Msimamizi ambaye hakuwa na Kiingereza cha kutosha alipewa mashine bila ile hifadhi iliyokusudiwa kuandamana nayo.

Je, Kiswahili kingefaa?

Hapana budi kulijibu swali hili kwa muundo, si kwa mapenzi. Sentensi ya COBOL huanza na kitenzi cha kuamuru, nacho Kiswahili kinalo kitenzi hicho katika umbo lake fupi kabisa: SOMA, ANDIKA, ZIDISHA, GAWANYA. Mpangilio wa maneno nao hauna tabu: ZIDISHA SAA KWA UJIRA, WEKA KATIKA MALIPO.

Tatizo liko katika upatanisho. Kiingereza hulinganisha vitu vyote kwa umbo moja, lakini Kiswahili husema mshahara ni mkubwa, kiasi ni kikubwa, deni ni kubwa. Mashine ingelazimika kujua ngeli ya kila jina ambalo mwandishi amelibuni. Lakini Kiswahili chenyewe kinatoa njia, kwani kinayo mafungu yasiyobadilika: zaidi ya, chini ya, sawa na. IKIWA DENI ZAIDI YA AKIBA ni amri inayoeleweka, na ngeli haidai kitu. Kadhalika COBOL huruhusu jina kuunganishwa kwa vistari, kwa hiyo MSHAHARA-WA-MWEZI ni neno moja mbele ya mashine, na upatanisho uliomo ndani yake haumsumbui mtu.

Ugumu wa kweli ni wa msamiati. Kitenzi toa, mathalani, chamaanisha kupunguza, na pia kukitoa kitu nje. Mashine haivumilii utata huo, na ingebidi neno moja lichaguliwe na jingine liachwe. Kazi hiyo ni ya kamati za istilahi, nazo zilikuwapo. Jaribio la baadaye lilionyesha kwamba kazi ya namna hii hutendeka: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Lakini huko kilichogeuzwa ni uso unaomwelekea mtumiaji. Amri za ndani zilibaki za Kiingereza.

Hitimisho

Tarehe 6 Septemba 1993 Computerworld lilichapa makala ya Peter de Jager kuhusu hatari ya programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na dunia ikagundua kwamba lugha iliyodhaniwa maiti ilikuwa imebeba mabenki na mahazina. Aprili 2020 gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, kwani malipo ya watu wasio na kazi yalikuwa yamekwama. Computerworld lenyewe liliacha kuchapishwa kwa karatasi nchini Marekani mwaka 2014, kabla ya lugha liliyoiandikia habari za matanga.

Mfugaji wa Bangale, kaskazini mwa Kaunti ya Tana River, asemaye Kiorma au Kisomali nyumbani na Kiswahili sokoni, leo hupokea thamani ya mbuzi wake kwa simu. Kiasi anachokatwa huamuliwa na amri zilizoandikwa kwa maneno asiyoyajua. Magazeti ya zamani yanathibitisha kwamba hali hiyo si sheria ya maumbile. Iliamuliwa na watu katika vyumba vya mikutano, kwa sababu zinazoweza kutajwa na kwa tarehe zinazojulikana. Jambo lililoamuliwa na watu laweza kuamuliwa tena, iwapo wenye lugha watakuwamo chumbani.