Kabla hujapaka grisi kwenye raba za gari lako

Msikilizaji, bushi za gari zikianza kulia kwenye barabara ya makorongo, wengi wetu tunakimbilia kopo la grisi. Grisi ikikosekana, tunachukua oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Kwa chuma hakuna ubaya, lakini mpira unaweza kuharibika, na kwenye breki kosa hilo linaweza kuua mtu.

Kwa nini mafuta yanaharibu mpira?

Grisi ya kawaida, oili ya injini, dizeli, mafuta ya taa na hata mafuta ya mgando tunayojipaka mwilini, yote hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Mpira asilia, ule wa utomvu wa mti, pamoja na aina kadhaa za mpira wa kiwandani hunywa mafuta hayo. Ukishayanywa unavimba, unalainika na kupoteza nguvu. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka grisi bushi za gari langu. Zilinyamaza kwa muda, kisha zikaanza kugonga kuliko mwanzo.

Utauliza, mbona sili za injini zinakaa ndani ya oili kila siku? Hizo zimetengenezwa kwa mpira maalumu unaostahimili mafuta. Tatizo ni kwamba kwa macho raba zote ni nyeusi, huwezi kujua ipi ni ipi.

Ukitaka kuhakikisha, kata vipande viwili vinavyolingana vya tyubu ya baiskeli iliyokufa. Kimoja kizamishe kwenye oili, kingine kiache kikavu. Baada ya wiki moja vilinganishe kwa ukubwa, kisha vivute.

Upake nini basi?

- Raba za milango na madirisha: osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka silikoni kidogo kwa kitambaa. Kwenye duka la spea tafuta kopo lenye neno "silicone", na usome kama imeandikwa kuwa inafaa kwa mpira. Silikoni haitokani na mafuta ghafi.
- Bushi: grisi ya silikoni inafaa. Lakini bushi iliyopasuka haiponi kwa kupakwa chochote, inabadilishwa.
- Mpira wa rejeta unaokataa kuingia: lowesha kwa maji. Usitumie grisi.
- Matairi: maji na sabuni vinatosha. Usiyang'arishe kwa oili chafu wala dizeli.
- Mkanda wa feni: usipake kitu chochote. Ukilia, fundi aangalie kama umelegea au umechakaa.

Silikoni nayo ina mipaka. Usiipulizie karibu na diski, pedi au ngoma za breki, kwa sababu breki zitateleza.

Breki zina mafuta yake

Hapa jina lenyewe linatupotosha. Tunasema "mafuta ya breki", basi mtu akipungukiwa njiani anadhani oili yoyote itamvusha. Mafuta ya breki ya magari mengi, yaani DOT 3 na DOT 4, si oili kama ya injini. Ni kimiminika cha aina nyingine kabisa, na raba zilizomo ndani ya breki zimetengenezwa zikae nacho. Ukimimina oili ya injini au ya gia, raba zile huvimba. Breki zinaweza kung'ang'ania mpaka magurudumu yapate moto, au pedali ikazama na gari lisisimame.

Soma maandishi kwenye kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki, kisha nunua aina hiyo hiyo. Angalia namba vizuri: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4, wakati DOT 5.1 si ya silikoni. Nunua chupa iliyofungwa, kwani mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishika maji huchemka mapema breki zinapopata moto. Yakimwagikia rangi ya gari, osha haraka kwa maji mengi, yanababua rangi.

Kama oili imeshaingia, usiliendeshe gari. Dalili mojawapo ni raba ya ndani ya kifuniko kuvimba na kukataa kurudi mahali pake. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Fundi asafishe mfumo wote na abadilishe raba zote zilizoguswa na oili.

Tena, mafuta ya breki yakipungua kuna sababu: pedi zimelika au kuna mahali panavuja. Kabla hujaongeza, tafuta sababu hiyo. Na kama unakaa mbali na duka la spea, weka chupa moja iliyofungwa ndani ya gari, usije ukashawishika kutumia oili siku utakapokwama.