Chanda, Pete na Jiwe la Mahenge

Waswahili husema kuwa chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo aghalabu hutajwa kwa kumsifu mtu aliyestahili tunu aliyopewa, na ndani yake mna vitu viwili tu, chanda na pete. Jiwe halikutajwa, wala hakutajwa aliyelitoa ardhini. Upungufu huo si wa methali peke yake. Historia ya mapambo nayo imeandikwa vivyo hivyo kwa muda mrefu: imemsifu mvaaji kwanza, ikamsifu sonara baadaye, ikamsahau mchimbaji. Bonde la Kilombero, pamoja na milima ya Mahenge inayoliinukia upande wa kusini mashariki, lina ushahidi wa kutosha wa kuisahihisha historia hiyo.

Pete inayohusika hapa si pete ya ndoa, wala si pete ya muhuri. Ni pete kubwa ya karamu, ambayo watu wa Magharibi waliipa jina la pete ya kokteli kutokana na vinywaji vilivyochanganywa katika mikutano ya jioni. Asili yake husimuliwa kuwa ni Marekani, ambako pombe ilipigwa marufuku tangu mwaka 1920 hata 1933. Watu walikunywa kwa siri, na wanawake walioanza kujipatia riziki kwa kazi zao wakavaa pete zilizoonekana tangu mlangoni. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, platinamu ilizuiliwa kwa kazi za vita. Masonara wakairudia dhahabu, wakaikunja na kuipinda kama mfinyanzi afanyavyo udongo. Hapo pete ilianza kuwa sanamu.

Mabadiliko hayo yaliletwa na mafundi wenye fikira. Suzanne Belperron wa Ufaransa, aliyeishi 1900 hata 1983, alichonga pete katika jiwe zima, wala hakutia sahihi katika kazi zake, kwa kuwa aliamini umbo lenyewe lamtambulisha mtengenezaji. Alexander Calder wa Marekani, mchongaji mashuhuri wa sanamu, alifua mapambo mengi kwa mkono wake. Mwaka 1961 yalifanywa maonyesho ya kimataifa ya mapambo ya kisasa katika Goldsmiths' Hall, London, na kazi za wachoraji na wachongaji zikawekwa pamoja na kazi za masonara. Tangu hapo ilikuwa vigumu kudai kuwa kitu hakiwi sanaa kwa sababu kinavaliwa.

Lakini sanamu hizi ndogo zilihitaji mawe, na katika mawe hayo limo moja lenye historia ya dhuluma. Jiwe hilo ni spineli. Kwa karne nyingi spineli nyekundu ilidhaniwa kuwa yakuti, kwa kuwa rangi zao hukaribiana na aghalabu hupatikana mahali pamoja. Ilitambuliwa kuwa jiwe la namna yake mwaka 1783, katika maandiko ya mtaalamu wa Kifaransa Romé de l'Isle. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, liitwalo yakuti ya Black Prince, kwa hakika ni spineli. Jiwe jingine katika hazina hiyo, liitwalo yakuti ya Timur, lenye majina ya wafalme wa Mogoli yaliyochorwa juu yake, nalo ni spineli. Basi jiwe hili lilikaa mbele ya wafalme likiitwa kwa jina la mwenzake.

Lilipojulikana kwa jina lake, lilipatwa na aibu nyingine. Mwaka 1902 Auguste Verneuil wa Ufaransa alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, na katika miaka iliyofuata spineli nayo ikatengenezwa kwa njia iyo hiyo, kwa gharama ndogo na kwa rangi nyingi. Spineli hiyo ya kiwandani ilitiwa katika pete nyingi za karamu mahali pa mawe ya thamani. Wanunuzi wakazoea kuliona jina la spineli kuwa jina la kitu bandia, ijapokuwa spineli ya ardhini ni jiwe gumu, adimu na lenye nuru yake.

Heshima yake ilirudishwa kwa sehemu kubwa na Mahenge. Katika nchi hiyo mawe ya chokaa yaligeuzwa marumaru na joto na mgandamizo wa zama za kale sana, na ndani ya marumaru hayo yakaumbika yakuti na spineli. Wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta yakuti huko tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka 2007, karibu na kijiji cha Ipanko, yalipatikana mapande makubwa ya spineli, moja likipita kilo 50. Sehemu iliyofaa kukatwa ilikuwa ndogo, lakini ilitoa vito vyenye wekundu wa waridi uliokolea, ambao wafanya biashara walikuwa hawajauzoea. Mwaka 2016 vyama vya masonara wa Marekani viliitia spineli katika mawe ya mwezi wa Agosti. Siku hizi katika masoko ya vito neno Mahenge limekuwa jina la rangi.

Yafaa kuitazama njia ya jiwe hilo. Mchimbaji hushuka shimoni na sururu na ndoo, huchekecha changarawe, huosha, hutazama. Akipata, huuza kwa dalali. Jiwe hushuka kutoka milimani hadi mto Kilombero, ambao kabla ya daraja kujengwa ulivukwa kwa pantoni. Kisha hupita Ifakara, mji wa mpunga na reli, likienda pwani au Arusha. Mengi yamekatwa Bangkok, na kutoka huko yameingia katika pete za miji mikubwa ya dunia. Kila hatua huongeza thamani, na thamani kubwa kabisa huongezwa mbali na bonde.

Mtu aweza kusema kuwa kuchimba ni kazi ya nguvu, si sanaa, na kwamba jiwe lisilokatwa ni kokoto tu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kuwa umbo hutoka kwa mkataji na kwa sonara. Walakini macho yanayotambua katika tope la ndoo punje moja yenye nuru, kati ya maelfu yasiyo nayo, ni macho yaliyofundishwa kwa miaka. Kuchagua ni mwanzo wa kila sanaa ya uchongaji. Mchongaji wa mpingo naye huanza kwa kuutambua mti.

Dawa ya upungufu huu si kulalamika, bali kuisogeza kazi ya mkono karibu na chimbuko la jiwe. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha hufundisha ukataji wa vito, na wamo Watanzania wanaokata na kutia mawe ya nchi yao katika dhahabu. Mafunzo hayo yakifika Mahenge na Ifakara, kijana wa Ulanga ataweza kulitoa jiwe, kulikata na kulitia katika pete bila kulivusha mto kwanza. Hapo methali itatimia kwa maana yake kamili, maana chanda kitakachovikwa pete kitakuwa cha ukoo mmoja na chanda kilicholichimba jiwe.